Picha ya Arusi ya Emilie

Daktari wa macho alinikataza kuinama, kubeba mzigo kichwani na kupuliza moto, na Bertille, mke wa mwanangu Basile, akayashika makatazo hayo kuliko katekisimu. Nikigusa sufuria tu, ananinyang'anya. Mwanamke huyo sijapata kumpenda. Nilimvumilia kwa sababu mtoto wa jicho alikuwa amenifunika pande zote mbili, na nilihitaji mkono wa kunifikisha misani.

Bandeji za upasuaji zilipotoka nikapewa miwani yenye vioo vinene kama kitako cha chupa. Dunia ikanirukia. Kikombe kilionekana karibu kuliko kilivyokuwa, nikamimina chai mezani; kizingiti kilionekana kirefu, nikainua mguu kama jogoo. Majirani wakacheka, nami nikacheka. Kulikuwa na kitu kimoja tu nilichokitaka kwa macho haya, na kila mtu nyumbani alikijua: kuiona picha ya arusi ya Emilie.

Emilie ni binti yangu wa pekee. Alipoolewa, mwaka juzi, sikuwa naona hata mkono wangu. Huku kwetu, siku ya arusi wanawake wa upande wa bibi arusi hushona kitenge cha namna moja, na mama yake husimama mbele yao, ili wakwe wajue mtoto ametoka kwa nani. Asubuhi ile Emilie mwenyewe alinivalisha.

"Ni ya kijani, mama, na maua ya njano," aliniambia. "Sawa na ya mashangazi."

Mkononi kilikuwa laini mno kwa kitenge kipya, nikadhani ndivyo vilivyo vile vya bei kali. Nikanyoosha shingo. Tangu siku ile nimewasimulia wanawake wote wa soko la ndagala, wale dagaa wetu, pale mto Lukuga unapotoka ziwani, habari za kitenge changu cha kijani.

Jumapili nikamwambia Bertille alete picha. Akasema imepotea. Nikamwambia aitafute. Akasema vumbi la sandukuni litaniumiza macho. Hapo nikapandwa na hasira, nikafungua sanduku mwenyewe.

Nilimwona mkwe wangu ndani ya koti lake la abakosti, jasho usoni. Nilimwona Emilie, mzuri kupita nilivyomfikiria. Nyuma yao kijani na njano, mashangazi, mabinamu, hata Bertille. Pembeni kabisa alisimama kikongwe mmoja katika kitenge cha kahawia kilichopauka, kile nilichokuwa nikivaa nikipara samaki. Amenyanyua kidevu, anacheka kwa meno yote yaliyombakia.

"Ni weye ulifanya hii," nikamwambia Bertille. "Hukunipenda tangu siku ya kwanza."

Alikaa kwanza kwenye kigoda. "Kitambaa ilipunguka, mama. Nilitaka uvae yangu. Emilie akakatala. Akasema mimi Bertille naona, nitasikia haya mbele ya watu nikivaa ya zamani. Weye hauone."

Nikawakumbuka wale wa sokoni. Wengi walikuwapo arusini. Kumbe walikuwa wakiniitikia tu, mwaka mzima na zaidi, na mimi naendelea kuwaeleza maua ya njano. Uchungu ule sikuwahi kuusikia hata nilipomzika mume wangu.

Emilie akaja jioni kutoka kwa mumewe, Lubuye, na mikate.

"Mama, sasa unaniona muzuri?"

"Nakuona."

Kisha akaiona picha mapajani pangu. Hakukana. Alipiga magoti, akanishika miguu, akalia kweli, maana si mtoto mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

"Unisamehe, mama. Tutatafuta kitambaa sawa na ile. Tutapiga picha ingine, weye katikati."

Nikamtazama tena yule kikongwe, jinsi alivyokuwa akicheka.

"Kitambaa mutapata, mwanangu," nikamwambia. "Lakini huyu mwanamuke mwenye furaha, mutamutoa wapi?"