Abiria wa Mkongeni

Asubuhi ile, pale kituo cha mafuta cha Same, Method alizipitia pikipiki moja baada ya nyingine, akibonyeza tairi kwa kidole gumba na kupaka minyororo oili. Alikuwa kiongozi wa misafara ya watalii, mtu wa Vudee, mwembamba, mchache wa maneno, na koti lake la mvua hakulivua hata jua liwake vipi. Safari hii aliongoza watu watatu kutoka Dar, kila mtu na pikipiki yake. Kelvin na mkewe Leticia walikuwa na buti mpya zilizolia kila walipokanyaga. Wa tatu, Rahabu, hakuwa mgeni hasa, kwa kuwa baba yake, Mzee Sifael, aliishi Vudee. Alikuwa amejiunga na msafara kwa sababu kwenda kumsalimia baba yake peke yake kulikuwa kunamwia vigumu miaka hii, na likizo ya watu wengi humsitiri mtu.

Jana yake walikuwa bwawa la Nyumba ya Mungu. Walikula samaki kando ya maji, wakapiga picha mpaka simu zikachemka, wakapita Kileo na vumbi lake. Leo ilikuwa zamu ya milima.

Method akatoa maelekezo. Maji wanywe hata kama hawana kiu. Kwenye kona za changarawe wasikamate breki ya mbele. Na wakifika kwenye mkonge, yeye akisimama nao wasimame, injini zisizimwe, miguu chini, wasubiri kiti cha nyuma kibonyee.

"Kisipobonyea?" Leticia aliuliza.

"Basi hujapata mtu. Tunaondoka tu."

"Wanashukia wapi?"

"Wengi Vudee. Ni watu waliofia shambani, wakazikwa hukohuko bila kwao kuambiwa. Wanataka kufika nyumbani. Ukimpita mmoja wao ukamwacha, hiyo milima huimalizi salama."

Kelvin aliuliza kama uzito huo unaongeza ulaji wa mafuta. Method akasema unaongeza kidogo, kwa hiyo wakajaza.

Shamba la mkonge lilikuwa limejipanga tambarare yote, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka, na katikati yake paa la mabati lenye kutu la korona, ile mashine kubwa ya kukamulia majani yatoke nyuzi. Juu yao milima ilikuwa imejifunika wingu zito. Method akasimama. Hakukuwa na upepo, lakini majani ya mkonge ya mstari wa mbele yalisogea, yakampisha mtu, yakarudi.

Kiti cha Kelvin kikabonyea. Cha Leticia kilikaa vilevile, na Leticia akanuna kama mtu aliyenyimwa kadi ya harusi. Cha Rahabu kilididimia mpaka shokapu zikagonga mwisho, kisha mikono miwili ikamshika kiunoni. Wa kushoto ulikuwa mzima. Wa kulia ulikuwa na kidole gumba na kidole cha mwisho tu.

Rahabu aliujua mkono ule. Alikuwa amezaliwa ndani ya shamba hilo, wakati baba yake akiwa nyapara mkuu, na kila asubuhi mfanyakazi mmoja alimpeleka shule kwa baiskeli, akishika usukani kwa vidole viwili alivyoachiwa na korona. Alikuwa mtu wa mbali, wa huko Kigoma. Wazee wa shamba waliwaita wakata mkonge wote manamba, na nyumbani kwao Rahabu waliendelea kuwaita hivyo hata baada ya watu wengine kuacha. Shikamoo, Manamba, mtoto alisema kila siku, naye akaitikia marahaba, akampakia. Siku moja hakuja. Baba alisema ametoroka, na mtoto akapelekwa shule na mtu mwingine.

Barabara ya kupanda Vudee haina huruma. Rahabu alipanda kwa gia ya kwanza, ukungu ukiteremka kuwapokea, na kila kona aliona abiria wake anazidi kuwa mzito. Pumzi ya mtu yule ilikuwa baridi, ikampiga shingoni, ikinuka maji ya mkonge uliokamuliwa. Rahabu aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Aliogopa kwamba huyu mtu angeuliza jambo.

Kwenye kona ya kanisa watu walikuwa wamesimama kando ya njia, kama wanavyosimama siku zote msafara ukitegemewa. Mama mmoja, Dorkas, aliikaribia pikipiki ya Kelvin, akapapasa hewa juu ya kiti kama anayechagua kitambaa dukani.

"Huyu wangu," akasema. "Karibu nyumbani, Tumainieli."

Kiti kikainuka. Dorkas akashika njia ya kwake polepole, akitembea upande mmoja wa njia, kama anayemwachia nafasi mtu mwenye mguu mbovu.

Kisha wakaja kwa Rahabu. Walipapasa mmoja mmoja, wakafika kwenye ule mkono, wakatikisa vichwa. Siyo wetu, walisema. Huyu wa mbali. Wakatawanyika kwenda kuwahi mvua.

"Asiyeitwa kwa jina hashuki," Method alimwambia Rahabu. "Sheria ni yao, siyo yangu."

"Na asiposhuka?"

"Basi unaye. Kuna bwana mmoja wa Moshi hakupata jina la wa kwake. Sasa hata kitandani godoro linabonyea upande wa pili. Na uzito unaongezeka, sista. Haukai palepale."

Mzee Sifael alikuwa barazani, blanketi magotini. Rahabu aliegesha pikipiki mbele ya ngazi, kiti cha nyuma kikiwa kimedidimia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda." Mzee aliitazama pikipiki, kisha akakigeuza kiti chake kielekee migombani.

Shangazi Koleta, dada wa Mzee Sifael, alitoka na makande. Aliwahesabu kwa macho, akarudi jikoni kuongeza sahani, akaiweka juu ya ngazi, upande wa pikipiki. Shangazi hakuwa mtu wa kuuliza mgeni katoka wapi kabla hajala.

"Baba," Rahabu alisema, "huyu ni yule aliyekuwa ananipeleka shule. Nipe jina lake ashuke."

"Yule alitoroka."

"Aliyetoroka angepandia mkongeni?"

Mzee alitafuna. Shangazi Koleta akaweka mwiko chini. "Mkewe alikuja kumtafuta," alisema. "Mtoto mgongoni, kutoka Kigoma mpaka hapa. Alilala jikoni kwangu. Mwambie mtoto, kaka."

"Koleta, chumvi."

"Chumvi ipo mbele yako. Na wa kumtafuta mtu wake hakuwa yule mmoja tu."

"Shangazi, mkewe alimwitaje?"

"Kama mke anavyomwita mumewe. Baba Rabia."

Rahabu aliteremka ngazi, akasimama mbele ya pikipiki, akasema kwa sauti, "Karibu nyumbani, Baba Rabia." Kiti kikainuka kidogo, upana wa kidole, kikatetemeka. Kisha kikarudi chini, kizito kuliko mwanzo, na ile sahani ya makande ikaanza kufanya utando.

Alirudi barazani akiwa analia, na hakuficha. "Jina lake la kwao, baba. Neno moja tu."

"Siku ile korona ilipomkamata haikuzimwa," Mzee alisema, macho migombani. "Nyuzi zilikuwa zinasubiriwa bandarini. Nikilitaja jina lake leo, watakuja wote kunidai ya kwao. Watajaa mpaka shuleni." Akavuta blanketi. "Ninayo majina yao yote, usidhani nimesahau. Nitaenda nayo."

Likizo iliendelea, maana ilikuwa imeshalipiwa. Kesho yake waliteremkia upande wa Maore, mashamba ya mpunga yakimeta, wakaenda kutazama viboko bwawani Kalimawe. Leticia alisema hajawahi kuona nchi nzuri namna ile, na ilikuwa kweli. Katika picha zote, pikipiki ya Rahabu imekaa kitako kama mbwa. Walipozunguka kurudi Same, trafiki mmoja alimsimamisha.

"Dada, abiria wako helmeti yake iko wapi?"

Rahabu akaomba radhi, akaenda dukani, akanunua.

Dar alibadilisha shokapu, kisha akazibadilisha tena. Kazini waliongeza kiti kando ya meza yake, kikapinda miguu. Hakuna aliyemwuliza, kwa kuwa kila mtu ana ya nyumbani kwao. Usiku mikono ilimshika kiunoni bila kubana, kama mtu anayeogopa tu kuanguka, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alimpigia baba yake simu kila Jumapili. Mzee aliuliza habari za mvua za Dar.

Mzee Sifael alifariki wakati wa mavuno ya tangawizi, kwenye kitanda chake, ndugu wamemzunguka. Rahabu alipanda mlima kwa pikipiki na abiria wake. Watu walijaa mpaka barabarani, kwaya mbili zikapokezana, na Rahabu, kwa kuwa ndiye mzaliwa wa kwanza, akapewa wasifu wa marehemu ausome, ulioandikwa na kamati ya mazishi.

Alisoma kuzaliwa, kubatizwa, shule. Akafika kwenye miaka ya mkonge. Marehemu alikuwa baba wa wafanyakazi wote, iliandikwa, na hakuna aliyemwendea akarudi mikono mitupu. Rahabu akanyamaza. Alimwona Dorkas kwenye safu ya mbele, na shangazi Koleta pembeni ya kaburi, wote wakimtazama, na nyuma yao pikipiki, kiti chini, helmeti ikining'inia. Watu wote pale walijua. Kimya kilidumu kiasi cha mtu kusema alilo nalo, mchungaji akakohoa, na Rahabu akaendelea na sentensi iliyofuata kama ilivyoandikwa. Watu wakaitikia amina. Shangazi Koleta akainama, akachota udongo.

Alipowasha pikipiki kuondoka, kiti kilididimia mara ya pili. Mikono mingine ikapita juu ya ile ya kwanza, ikamfikia: mikono ya mzee, migumu, yenye saa aliyozikwa nayo. Amezikwa kwao, kwa heshima zote, na bado akapanda. Rahabu hakugeuka.

"Baba," alisema, "sasa mko pamoja. Mwite."

Kiti kilibaki chini palepale. Waliteremka hivyo, breki zikinuka, ukungu nyuma yao, mlima mzima.

Same, trafiki alikuwa yuleyule. Alizunguka pikipiki, akaitazama tairi ya nyuma iliyolala, akatoa kalamu.

"Dada, mshikaki huo. Watu watatu, pikipiki moja." Hakuwa amekasirika. "Nakusamehe leo, naona umetoka msibani. Ila niandike majina ya abiria. Wa nyuma kabisa?"

"Sifael."

"Na huyu wa katikati?"

Mikono ya baba yake ilimkaza kiunoni mpaka pumzi ikakata. Ile mingine miwili, wa vidole vitano na wa vidole viwili, ilikuwa imetulia, inasubiri.

"Manamba," Rahabu alisema.

Trafiki akaandika, akawaruhusu waende.