Kesi ya Kamanda na Mtu wa Pampu

Kesi ya Kamanda ilisikilizwa kila Jumatatu saa nne asubuhi, wakati wa chai, katika chumba cha kufulia cha hospitali. Jumapili jioni kila mtu alitazama kwake tamthilia ya Kamanda kwenye televisheni, na Jumatatu wakaleta midomo. Kura ilipigwa kwa vifungo, maana chumba cha kufulia hakikosi vifungo: vinang'oka kwenye nguo za wagonjwa, vinabaki chini ya mashine, na hakuna anayerudi kuviulizia. Cheupe, Kamanda kafanya vyema. Cheusi, ana hatia. Vilitiwa kwenye kopo la sabuni.

Mpiga pasi hakuwahi kutia cheupe. Mwaka wa pili huu. Ndiyo maana wakambandika jina la Hakimu, naye hakulikataa, ila hakulichekea pia. Machoni pake yule Kamanda wa kikosi cha uokoaji, na lile koti lake lisiloshika vumbi, alikuwa mkubwa kama wakubwa wengine. Anaamuru, wengine wanaumia, halafu mwisho wa kipindi anatazama mbali huku muziki unapigwa.

Jumatatu hiyo kesi ilikuwa nzito. Mgodi umejaa maji, watu tisa wamekwama chini. Upande wa pili, peke yake, kakwama mdogo wake yule mtu anayeshika pampu ya kutoa maji. Mtu wa pampu akaomba ruhusa akamtoe. Kamanda akamwambia, "Maliza kwanza. Ukiiacha pampu, tisa wanakufa." Akamaliza. Tisa wakatoka wazima. Mdogo wake akakutwa amekwisha.

"Mimi namtetea," akasema Spidi. Alikuwa msukuma kigari cha mashuka, tumbo mbele, magoti mabovu, na jina hilo alipewa kwa kejeli. "Tisa kwa mmoja. Hesabu hiyo hata mimi naiweza."

"Hesabu rahisi hiyo kwa Kamanda, ndugu zake mwenyewe wako nyumbani wamelala," akajibu Mama Povu wa mashine kubwa. "Mbona hakuishika pampu yeye? Mikono yote miwili alikuwa nayo, kaiweka kiunoni!"

"Kamanda ni wa kuongoza, dada, si wa kushika mabomba."

"Basi aliongoze koti lake!"

Wakacheka. Hakimu hakucheka. Kifungo chake cheusi kilikuwa mfukoni tangu asubuhi, na alikizungushazungusha kwa kidole.

Miaka miwili iliyopita mkewe alilazwa wodi namba tatu, juu ya chumba hiki hiki, ngazi ishirini na nane. Siku moja muuguzi alipiga simu chini: mume aje, hali si nzuri. Aliyepokea ni Msimamizi. Wafanyakazi wawili hawakuwa wamefika, chumba cha upasuaji kinangoja mashuka. "Maliza haya ya upasuaji kwanza, baba," akamwambia, "halafu upande." Akamaliza. Dakika arobaini. Alipofika juu, kitanda kilikuwa kinatandikwa upya, kwa shuka alilolinyoosha mwenyewe.

Ngazi zile hajazipanda tena. Aliandikia ofisi kuu barua tatu, kwa mwandiko wake wa darasa la nne, akitaka neno moja tu: kwamba walikosea. Walijibu barua moja tu, kwa mstari mmoja: barua yako imepokelewa. Na Msimamizi akabaki naye chumba kimoja miaka miwili, habari za asubuhi, nzuri, basi. Leo ilikuwa siku yake ya mwisho, kahamishwa. Akishatoka na mkoba wake, nani atabaki wa kusema neno hilo?

Spidi alikuwa bado kanogewa. "Na huyo wa pampu naye, si ana miguu? Kafungwa kamba? Angekimbia! Kamanda angemfanya nini?"

Mama Povu akampiga teke chini ya meza. Spidi akagundua alichosema, akashika kikombe akakitazama ndani kama kimeangukiwa na kitu.

"Miguu anayo," akasema Hakimu polepole. Alionekana kachoka kuliko kukasirika. "Lakini mtu ukifundishwa kutii miaka ishirini, siku ya kukimbia miguu inakuwa imesahau. Na waliomfundisha ni nani? Hao hao wenye makoti."

"Naomba kifungo."

Wakageuka. Msimamizi alikuwa mlangoni, mkoba begani. Hajawahi kuingia wakati wa chai hata siku moja.

"Huwa naitazama na mimi," akasema. Akachagua cheusi, akakiinua wakione, akakitia kopo. "Kuwawaza wale tisa Kamanda hakukosea. Lakini pampu alijua kuishika. Hakutaka kulowa." Akamgeukia mpiga pasi. "Na mimi rola hii ya kunyooshea mashuka naijua, baba. Nilianzia kwenye rola. Siku ile nilisimama hapa na daftari langu, nikawa nakuharakisha. Nilikosea."

Hakimu alikuwa amelingoja neno hilo miaka miwili, akidhani likija atapumua. Halikumpa kitu. Alijiona kama mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri, dirisha linafunguliwa, akakuta hakumbuki alichofuata.

"Umechelewa, mama."

"Najua."

"Na wale wa ofisini?"

"Hao sijui watasema nini. Mimi nimesema langu."

Kengele ya kazi ikalia. Msimamizi akaweka mkoba juu ya meza, akakunja mikono ya blauzi, akaenda kuwasha rola. "Panda juu, baba. Hapa nimeshika mimi."

Hakimu akabaki amekaa.

"Nenda, mzee mwenzangu," Spidi akasema kwa sauti ndogo. "Kopo nitalilinda."

Akaenda. Ngazi ya kumi na nne akapumzika, mkono ukutani. Wodi namba tatu, kwenye kitanda cha dirishani kilichokuwa cha mkewe, palikuwa na msichana mwenye bandeji kichwani.

"Unamtafuta nani, baba?"

"Nimekuja kutazama shuka."

Msichana akamwona hana wazimu, akamwacha. Hakimu akainama, akanyoosha pembe moja iliyokunjamana karibu na miguu, akasimama hapo kidogo. Muuguzi akapita, hakumuuliza kitu. Kumbe kupanda kulikuwa rahisi hivyo. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Aliporudi chini, Msimamizi alikuwa ameshaharibu mashuka mawili na la tatu rola ilikuwa inalimeza upande.

"Pembe, mama! Pembe kwanza! Umesahau mara hii?"

Hakimu akashika upande mmoja, Msimamizi akashika mwingine, wakaingiza moja moja mpaka kapu likaisha. Kisha Msimamizi akafuta jasho, akachukua mkoba wake, akaaga, akaondoka.

Mama Povu akamwaga kopo mezani. "Cheupe kimoja cha huyu mnene. Vyeusi viwili. Hakimu, chako?"

Akakitoa mfukoni, kina joto la mwili, akakiweka pamoja na vile vyeusi.

"Hata leo?" akauliza Spidi.

"Hata leo. Huyu mama kasema lake. Yule wa kwenye televisheni hajasema neno."

Akaenda kuchukua yale mashuka mawili yaliyoharibika, akayalowesha maji, akaanza kuyanyoosha upya.