Gari la Nyumba Nyingi

Irmtraud aliuzungushia usukani shali ya marehemu mama yake, akaukumbatia, akatoka. Moyo ulimdunda kama wa msichana anayekwenda dansini, na mwenyewe ana mjukuu.

Usukani huo ulikaa juu ya kabati lao tangu Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha. Mwenye kiwanda cha nyuzi alikimbia na masanduku yake, akaliacha gari lake jeusi la wazi, la viti viwili, lile alilokuwa akiwarushia nalo tope wafanyakazi wake pale getini. Wafanyakazi hawakulichoma. Walilifungua kipande kwa kipande. Huyu alichukua taa, yule honi, mwingine kabureta, ili jeshi lolote litakalokuja lisikute cha kuendesha. Wamarekani walikuja wakaondoka, Warusi wakaja wakakaa. Wote waliambulia fremu tupu iliyofunikwa nyasi kavu bandani kwa baba yake Lothar, jirani yao.

Sasa, miaka zaidi ya arobaini baadaye, Ukuta wa Berlin umeanguka na wakubwa wa Magharibi wamerudi, safari hii na mikoba na tabasamu. Kiwanda wamekifunga. Mashine wakaziita vyuma chakavu, na watu wakawaita hivyo hivyo, ila kwa maneno laini zaidi. Ndipo waliokosa kazi walipojaa bandani kwa Lothar, kila mmoja na kipande cha gari kutoka nyumbani kwao. Majira yote ya baridi walipiga msasa, wakapaka rangi; Hedwig, aliyeleta honi, akashona viti vya ngozi. Gari likang'aa. Ulibaki usukani tu.

Irmtraud alikuwa amegoma kuutoa, kwa kuwa Lothar alishampa ahadi Bwana Ehrenfels wa Munich, mkusanyaji wa magari ya zamani: likiwa zima na likatembea, lichukue.

"Umekuja, dada mkaidi," Lothar alisema alipomwona mlangoni.

"Nimekuja kulisikia likinguruma. Mengine ni wewe na roho yako."

Ehrenfels alikuwepo tayari, na tela lake nje. "Usukani huo ni wa asili, mama?"

"Wa asili kuliko wewe hapa," Hedwig alimjibu, na banda zima likacheka.

Lothar aliufunga, akanyoosha mkono kushika mlango.

"Sogea kule," Irmtraud alimwambia. "Lori la kiwanda nani aliliendesha miaka yote, wewe?"

Akaingia, Lothar akaketi kando yake. Gari likakohoa, likanyamaza, likakohoa tena, kisha likaunguruma hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Irmtraud alilihisi viganjani, tumboni, hadi kwenye meno. Wakatoka. Upepo ulimvua kitambaa kichwani, hakukirudia. Watu walitoka na vikombe vyao vya kahawa, wazee wakavua kofia, mtu akalia wazi wazi. Hedwig alikuwa akikimbia nyuma na aproni yake, akipiga kelele, "Ipigeni honi, ni yangu hiyo!" Wakaipiga.

Pale kwenye geti la kiwanda, watu walijipanga kando ya dimbwi lile lile la zamani. Irmtraud akapunguza mwendo, akalipita polepole mno. Hakuna aliyelowa hata kiatu.

Lothar aliangalia dimbwi, akamwangalia dereva wake. Wakarudi bandani.

"Limetembea," Ehrenfels alisema, akivua glavu zake. "Tulipatana, Bwana Lothar. Gari zima."

Irmtraud hakushuka. Alinyoosha mkono bila kugeuka. "Spana."

Lothar alikuna shingo, akainama kwenye sanduku la vifaa, akaichagua spana yenyewe, akamwekea kiganjani.

Hedwig alishaanza kufungua honi. Mwingine alikuwa kwenye taa.

"Mnafanya nini nyinyi?" Ehrenfels aliuliza.

"Wanakwenda nyumbani, bwana," Lothar alisema. "Kila mtu na chake. Mimi nilikuahidi likiwa zima, na unaona mwenyewe lilivyo. Fremu ni nzito, nayo inabaki kwangu."

Irmtraud aliuzungushia usukani shali, bado una joto la mikono yake.

"Tulifunge tena Jumapili ijayo, basi?" Lothar alimuuliza.

"Baada ya kanisa. Na uisafishe hiyo kabureta, inakohoa kama babu yako."