Mchunga wa Zuleha

Hatibu wa Kigombe hakuwa mtu wa maneno. Akipenda, hutenda. Mkewe Zuleha alipofikisha mimba ya miezi sita, kiuno kikimuuma hata kuinama taabu, Hatibu akaona jembe sasa basi. Mimba mbili zilikuwa zimeshaharibika. Hii waliilea kama yai. Zuleha alipokwenda Moa kumwona mama yake, huku nyuma mume akaazima bomba, akanunua dawa ya magugu, akapulizia shamba zima kabla ya kupanda mahindi. Muuza dawa alimwonya: kwa siku kadhaa asiingie mtu, wala asichume mtu jani. Akaitikia tu. Nani aingie, na mkewe yuko Moa?

Zuleha akarudi kesho yake, bila kutarajiwa. Na mimba, jamani, ikitamani kitu haina subira: ilitaka mchunga, ile mboga chungu ya porini, na mchunga mzuri uliota humo humo shambani, katikati ya hayo aliyoyaita Hatibu magugu. Dawa ilikuwa bado haijaunguza jani. Akachuma, akapika kwa tui zito.

Jioni Hatibu, kasikia mkewe amerudi, aliingia na bashasha zake, ana habari njema ya kutoa: jembe sasa basi. Akaona sufuria. Akauliza mboga imetoka wapi, na alipoambiwa, akakaa sakafuni.

"Umekula?"

"Sijala."

"Hata kuonja chumvi?"

"Tangu mimba hii mdomo wangu mchungu. Chumvi si unaonja wewe? Nimekungoja."

Mwanamume mzima akalia. Akaeleza yote, bomba na dawa na kiuno cha mkewe, huku akimnawisha mikono kwa sabuni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakakubaliana asubuhi waende zahanati, wamweleze nesi. Mboga akaifukia mbali na kuku. Kisha akapita nyumba kwa nyumba, maana wanawake wengi huchuma pale. Kila mlango alikiri kosa lake, haya zimemjaa.

Aliporudi, Zuleha alikuwa amemwandalia ugali na chai ya rangi. Wakala. Hasira Zuleha alikuwa nazo, na huruma pia, na hakujua aanze na ipi. Mwishowe akamshika mkono.

"Ukinipenda tena, Hatibu, uniambie kwanza."