Kadi ya Kukwangua

Mama Rula alikuwa mtu wa kuogopa mapema. Akisikia mlango wa jirani umegongwa, yeye kwake anatia komeo la pili. Kwa hiyo siku mwanawe alipomwambia kwamba akiba yao yote, ile ya kununua vyumba viwili walivyokuwa wakikodi tangu Rula akitambaa, ilikuwa ndani ya simu, mama alijichoma sindano kidoleni.

"Ndani ya simu? Simu hiyo hiyo unayoisahau chooni?"

"Ni sarafu za mtandaoni, mama. Wateja wangu wako mbali, ndivyo wanavyonilipa."

Rula alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Aliwachorea watu asiowajua majumba ambayo yeye hata stoo yake asingeweza kuipanga. Jina la Rula alipewa na wenzake shuleni, kwa wembamba wake. Mama alikuwa fundi cherehani, na alichokipata kwa kushona kiliishia kwenye kodi na chakula. Mwenye nyumba alikuwa amekubali kuwauzia, akawapa muda hadi mvua zipite. Mama alishaanza kuwaza atakavyopigilia msumari ukutani bila kumwomba mtu ruhusa.

Tangu siku hiyo hakumpa mwanawe nafasi ya kupumua. Simu huibiwa. Simu huanguka majini. Simu huungua ikiwa kwenye chaji, mwenyewe kalala. Mwishowe Rula akasema kuna kifaa, kidogo kama flashi, kinachotunza funguo za hizo sarafu nje ya simu. Kila kifaa kina maneno yake ishirini na manne. Kifaa kikipotea, maneno hayo yanarudisha kila kitu. Akiyapata mtu mwingine, basi naye kapata kila kitu.

"Twende wote," mama akasema. "Wewe kununua hujui. Muuzaji akikuchekea tu, umeshatoa pochi."

Kwenye kibanda cha vifaa vya simu, muuzaji, mtu mwenye maneno matamu, aliweka boksi mbili juu ya kioo. Kifaa cha kwanza, ukikiwasha, kinakuonyesha maneno moja moja, nawe unayanakili kwa mkono wako. Cha pili kilikuja na kadi. Maneno yalikuwa yameshachapwa humo, yakafunikwa na utando wa kukwangua, kama vocha.

"Mama," Rula alinong'ona, "nimesoma mahali kwamba maneno lazima yatoke kwenye kifaa chenyewe."

Mama aliigeuzageuza kadi kwenye mwanga. Maisha yake yote alikuwa amenunua vocha, na alijua kwamba utando ukiwa mzima, hakuna aliyeona kilicho chini yake. Alijua pia shida ya kuandika. Yeye aliishia shule ya msingi, na aliwahi kugeuza sita ikawa tisa kwenye vipimo vya mteja, suruali ikaharibika. Sembuse maneno ishirini na manne ya Kiingereza!

"Tuchukue hiki chenye kadi. Kile utakosea herufi moja, tulie wote."

"Lakini mama..."

"Lakini nini? Haijakwanguliwa. Nani kaiona?"

Muuzaji akacheka. "Mama huyu angefungua duka, sisi tungerudi kwetu."

Rula akatoa pochi. Hakuwa mtoto wa kubishana na mama yake mbele za watu.

Nyumbani walikwangua, akiba yote ikahamishiwa humo. Mama aliishonea kadi ndani ya bitana ya koti lake la zamani, kwa mshono mfupi mfupi ambao hata yeye aliutafuta kwa vidole. Akalala fofofo, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

Siku ya kumlipa mwenye nyumba, mama alivaa gauni lake la kutokea. Rula alichomeka kifaa kwenye kompyuta. Mama, aliyesimama nyuma yake, aliona mabega yakiganda.

"Rula?"

"Hakuna kitu."

"Mtandao huo. Zima, uwashe tena."

"Mama, hakuna kitu. Zimetoka wiki iliyopita. Zote, kwa mkupuo."

Mama alilivuta koti, akaichana bitana kwa meno. Kadi ilikuwemo. Aliinua juu kama anayemwonyesha hakimu. "Hii hapa! Haijatoka humu hata siku moja! Nani kaiona?"



"Aliyeichapa, mama."

Ndipo mama alipoelewa. Utando ulikuwa umewaziba macho watu wa njiani tu. Aliyeyachapa maneno alibaki na nakala yake, akatulia huko aliko, akingoja watu waweke akiba zao. Kifaa cha kweli hutunga maneno yake chenyewe, mbele yako, asiyajue mwingine. Kinachokuja na maneno tayari kina mwenyewe, na mwenyewe si wewe.

Alikimbia hadi kibandani na gauni lake la kutokea. Muuzaji aliapa kwamba naye hununua kwa jumla, hajui zaidi ya bei. Kisha uso ukamsawijika. "Hata shemeji yangu nilimuuzia," akasema.

"Basi ziondoe hapo, baba! Ziondoe!"

Muuzaji alizitazama boksi juu ya kioo. "Nikiziondoa, mama, nitakula nini?"

Rula hakumlaumu mama yake. "Ni mimi. Nilisoma, nikanyamaza." Mama angeshukuru kama angefokewa.

Mvua zilipopita, mwenye nyumba alikuja na mnunuzi mwingine, mtu mpole, aliyevua viatu mlangoni. Walipita kwenye chumba cha mbele wakitazama dari.

"Hapa katikati nataka pawe wazi," mnunuzi alisema. "Ukuta huu unavunjika?"

Mwenye nyumba hakujua. Rula alijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye kompyuta.

"Huo haujabeba kitu, unaweza kuuvunja. Wa pembeni ndio usiuguse, dari itashuka."

"Ahsante sana, kijana. Umeniokoa."

Akaugonga ukuta kwa vifundo vya vidole ausikie mlio wake. Upande wa pili, mama alikuwa amekaa kwenye cherehani, mikono juu ya kitambaa, mguu haukanyagi.