Kura za Ghorofani

Ukitaka kujua Mtaa wa Mvinje ni wa chama gani, usiulize mtu, pita tu mchana. Bendera za chama cha Isidori zilining'inia kutoka maduka ya vitenge hadi kona ya wauza vyombo, na kila mkokoteni ulibandikwa picha yake, katabasamu utadhani bwana harusi. Kariakoo nzima ilisema mtaa ule ni ngome. Isidori, Mchaga wa Rombo aliyeuza ndoo na madumu kwa jumla, aliamini kuliko wote.

Alikuwa anagombea uenyekiti wa mtaa. Mpinzani wake, Mzee Pantaleo, mstaafu wa reli, hakuwa na bendera wala spika. Kampeni yake ilikuwa kupanda ngazi za maghorofa na kunywa chai kwa watu, akiahidi jambo moja tu: malori hayatashusha mizigo mtaani usiku. Kwa Isidori hicho kilikuwa kitanzi, maana mzigo wake wote uliingia usiku. Watu wa ghorofani walipomlalamikia, alizoea kucheka. "Kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala," aliwaambia, halafu akapanda zake kwake ghorofa ya tatu.

Siku ya kura, vijana wake walifurika mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa kabla jua halijakolea. Wa kwanza kuingia alikuwa Lucky, muuza viatu, kinara wa kampeni. Akatoka amekunja uso.

"Bosi, jina langu halimo."

La aliyemfuata nalo halikuwemo, wala la Heriel, mpagazi aliyekuja nyuma yao.

"Tumechezewa," mtu akasema, na neno likapita kundini upesi. Mkokoteni ukasukumwa ukaziba geti. Wengine wakaanza kuokota vipande vya matofali.

Hapo ndipo Mama Jeet na mumewe, Mzee Ghanshyam, wakatokea ng'ambo ya barabara. Walikaa jengo moja na Isidori, ghorofa ya pili. Mzee alitembea kwa shida, mkono mmoja kwenye bega la mkewe.

"Hawa wao majina yao yamo," kijana mmoja akasema. "Iweje wao wawemo, sisi tusiwemo? Leo hapa hapiti mtu."

Wakazungukwa. Mama Jeet hakurudi nyuma, ila alimkumbatia mumewe kiunoni. Isidori akamvuta Lucky pembeni.

"Wewe ulijiandikisha wapi?"

"Kwangu, Mbagala."

"Na Heriel?"

"Kimara. Kwani vipi?"

Vijana hawa Isidori aliwajua mmoja mmoja, alijua hata nani hupandia wapi basi la mwendokasi. Haikumjia hata siku moja kwamba kila jioni ngome yake hufunga maduka ikaenda kulala kwingine. Waliolala Mvinje ni hawa wa ghorofani, wasikiao malori.

"Bosi, sema neno moja tu," Lucky akanong'ona. "Sema tumeibiwa. Leo hapigi kura mtu, na uchaguzi utarudiwa."

Neno lilikuwa tamu. Isidori alilihisi kabisa kwenye ulimi, na kwa kitambo alitaka kulisema, Mungu amsamehe. Lakini tofali moja lilikuwa tayari limeinuliwa.

Akapanda juu ya mkokoteni.

"Hatujaibiwa," akasema. "Kura yako iko unakolala. Lucky, yako iko Mbagala, ukiwahi utaikuta. Kosa ni langu, sikuwauliza. Wekeni chini hayo matofali, geti lifunguliwe."

"Kanunuliwa huyu," mtu akasema. Mwingine akaibandua picha yake kwenye mkokoteni, akaikunja na kumrushia kifuani. Lucky alimtazama bosi wake kwa uchungu. Kisha akashika mpini wa mkokoteni, akauvuta pembeni.

Isidori akashuka, akamshika mzee mkono mwingine, wakaingia wote watatu.

"Shikamoo, mama. Poleni sana."

"Marahaba." Mama Jeet alisimama mlangoni avute pumzi. "Isidori, miaka yote hii unapita mlangoni kwetu ukienda kwako."

"Ndiyo, mama."

"Kampeni yote nilikuwa nakusubiri. Nilijua huyu ni jirani, atagonga tu. Mzee alikuwa anakutetea."

"Na ningegonga?"

"Ningekuuliza habari ya malori, ungenijibu, yangeisha." Akarekebisha mtandio begani. "Sasa Pantaleo tumeshampa neno letu."

Akamwongoza mumewe ndani. Isidori akaenda kusimama nyuma ya mstari kusubiri zamu yake. Wote waliokuwa mbele yake alikwisha kupishana nao kwenye ngazi mara nyingi, na hapakuwa na hata mmoja ambaye yeye alimjua kwa jina.