Krismasi ya Masika

Katika nyumba ya Mwalimu Bartolomeo, kilimani Rhotia, Krismasi huadhimishwa baada ya Pasaka. Jambo hili halikuanzishwa na dhehebu jipya wala na ulevi. Lilianzishwa na hoja. Mwaka ambao Vedasto, mtoto wao wa pekee, aliajiriwa kuendesha wageni mbugani, Desemba ilifika na kiti chake kikabaki kitupu, kwa sababu mwezi huo ndio wageni humiminika Ngorongoro, na dereva anayeomba ruhusa wakati huo ajue ameomba pia kutafuta kazi nyingine. Germana, mama yake, alipika pilau huku machozi yakimdondokea kwenye upawa. Mumewe, aliyefundisha jiografia sekondari hadi alipostaafu na aliyesoma kila kitabu kilichopita mikononi mwake, alimweleza kwa utulivu kwamba hakuna mwinjili aliyeandika tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu. Ishirini na tano Desemba ni makubaliano ya watu, alisema, na watu wengine wanaweza kukubaliana upya, hata wakiwa wawili tu, mezani kwao.

"Tuihamishie masika. Mvua zikikolea, njia za mbugani zinageuka tope, kambi zinafungwa, mtoto anarudi. Tutakula mbuzi wetu kwa nafasi."

"Na Kwaresima?" Germana aliuliza. "Nile mbuzi wa Krismasi katikati ya mfungo, halafu nikaungame nini?"

"Basi baada ya Pasaka."

"Wewe huamini hata kimoja, lakini unavipanga kama askofu."

Ikawa hivyo. Tangu hapo mwaka wa nyumba ile ulikuwa na mwendo wake. Germana alirudi kutoka kanisani Jumatano ya Majivu akiwa na alama kwenye paji la uso, akafunga, akaimba Pasaka. Kisha alikaa akisikiliza mabati. Mvua ikishashika kasi, alasiri moja gari la Vedasto lilipanda kilima likiwa limejaa tope mpaka kwenye vioo. Kabla hata ya kuitikia shikamoo, Germana alikwangua tope kidogo mlangoni mwa gari kwa kidole, akalitazama, akaridhika, kama karani anayekagua muhuri. Ndipo tawi la mti wa Krismasi liliposimamishwa sebuleni na mbuzi akachinjwa. Majirani walicheka miaka ya mwanzo. Baadaye walianza kuja, kwa kuwa nyama haina tarehe.

Kisha Novemba moja Germana aliugua, mara tu baada ya Siku ya Marehemu. Alikwenda makaburini kufyeka majani juu ya wazazi wake, akarudi ameshika ubavu. Kufikia Januari tumbo lilikuwa limevimba na mikono imekonda. Daktari alimwita Bartolomeo kando, akamwambia kwamba ini limeharibika, kwamba dawa zilizobaki ni za kupunguza maumivu tu, na kwamba mama asingefika Pasaka. Bartolomeo alimshukuru. Alipenda kupewa ukweli bila kufungiwa kwenye karatasi ya zawadi.

Ukweli huo hakumpa mkewe, kwa sababu hakuuliza. Alichosema Germana, gari la kukodi lilipokuwa likiwarudisha nyumbani, ni kwamba yeye anangoja masika. Vedasto alipopiga simu akitaka kuja mara moja, mama aliichukua simu mwenyewe.

"Kaa na wageni wako. Ukinitokea hapa Februari nitajua umekuja kunizika."

"Mama, jamani."

"Mimi nakungoja masika, kama siku zote. Usiniharibie Krismasi yangu."

Hapo ndipo jambo lilipokwama. Mtoto akija wakati nyumbu wanazaa kule mbugani Ndutu na kambi zimejaa, ujio wake utakuwa sawa na kumsomea mgonjwa taarifa ya daktari. Asipokuja, mama atakufa macho yakiwa mlangoni. Bartolomeo aliipitia hoja aliyoijenga mwenyewe miaka ile, akitafuta mahali ilipokosewa ili apasahihishe. Hakupaona.

Halafu, mchana mmoja wa Februari, mvua ilinyesha. Haikuwa na sababu ya kutosha. Wingu moja lililopotea njia lilisimama juu ya Rhotia na kumwaga kila lilichobeba. Germana, ambaye dawa zilikuwa zikimlaza mchana na usiku hata hesabu ya siku ikampotea, alifumbua macho.

"Masika imeingia," alisema. Kisha, baada ya muda: "Pasaka imepita?"

Bartolomeo alikuwa mtu asiyedanganya, na si kwa wema; kwa kiburi. Vedasto alipokuwa mdogo aliuliza kama mbwa wao aliyegongwa na lori la vitunguu la Mang'ola atapona, na baba yake alimjibu kwamba hatapona. Sasa Bartolomeo alisikiliza mabati. Alijua hata mvua hiyo itakatika saa ngapi.

"Imepita," alisema.

"Nimeikosa Misa."

"Ulikuwa umelala."

"Basi Vedasto yuko njiani."

"Yuko njiani."

Alitoka, akasimama chini ya upenu wa jiko, akampigia Vedasto simu.

"Wakabidhi wageni kwa mwenzako, uje. Ukifika hapa, ni Aprili."

"Aprili vipi, baba?"

"Pasaka imepita na masika imeingia. Ndivyo utakavyosema."

Vedasto hakuwa amesahau jibu alilopewa kuhusu mbwa.

"Baba," aliuliza, "ni wewe unayesema hivyo?"

"Ni mimi. Fanya haraka."

Uongo, kama Bartolomeo alivyogundua katika uzee wake, unahitaji kutunzwa kuliko ng'ombe wa maziwa. Jioni ile alikuja Brigita, jirani yao na kiongozi wa jumuiya, aliyezoea kusali rozari na mgonjwa. Bartolomeo alimzuia uani.

"Mwalimu, nidanganye kuhusu Pasaka?" Brigita alishika kiuno. "Majivu yenyewe bado! Vitu vingine vyote vya kudanganyia vimekwisha duniani?"

"Sikuombi uamini. Nakuomba uitikie."

"Akiniuliza padri alihubiri nini?"

"Ufufuko. Ndicho anachohubiri kila mwaka."

"Umejuaje, wewe unayeishia getini kwenu?"

"Kanisa lina vipaza sauti."

Brigita alimtazama, akatikisa kichwa, akaingia ndani. Germana aliuliza kweli. Brigita alijibu kwamba padri alihubiri ufufuko, kwamba kwaya iliimba vizuri sana, na kwamba kanisa lilijaa hadi nje. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na hakumuaga mwenye nyumba.

Asubuhi yake jua liliwaka kama kawaida ya Februari. Germana aliomba kitanda kisogezwe dirishani. Alilitazama shamba kitambo.

"Mwalimu, mbona shamba tupu? Masika imeingia na wewe umekaa?"

Bartolomeo alichukua jembe na mbegu za mahindi alizozihifadhi kwa ajili ya Machi, akaanza kupanda. Udongo wa juu ulikuwa na unyevu wa mvua moja. Chini yake ulikuwa mkavu kama chokaa. Aliijua hatima ya kila punje aliyoifukia. Katikati ya kazi alipita Josephati, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akisukuma baiskeli yenye madumu ya maji.

"Shikamoo, Mwalimu! Hayo mahindi ni ya panya au ya kunguru?"

"Marahaba. Endelea na safari."

"Si ulituchapa kwa sababu ya kuchanganya misimu? Mimi mpaka leo naikumbuka fimbo ile."

"Nilikosea."

Josephati alisimamisha baiskeli. Katika miaka yote hakuwahi kusikia neno hilo kutoka kinywa hicho. Alimtazama mzee, akatazama jembe, halafu akatazama dirisha na uso uliokuwa pale ndani, mdogo, wa rangi ya nta. Akavua kofia.

"Mama Vedasto!" alipaza sauti. "Mvua ya mwaka huu imekuja vizuri!"

"Tumshukuru Mungu!" sauti nyembamba ilijibu. "Mwambie huyo mwalimu wako mashimo ameyabananisha mno!"

Vedasto alifika alasiri. Bartolomeo alikuwa amefikiria Pasaka, mahubiri, shamba, mbuzi na tawi sebuleni. Jambo moja, tena la somo lake, lilikuwa limempita kabisa. Gari lilipanda kilima likiwa jeupe. Vumbi la Ndutu, laini kama unga, lilikuwa limelala juu ya boneti, kwenye vioo, kwenye nywele na kope za mtoto. Kabla baba hajapata neno la kusema, Vedasto alikuwa ameshapita mlangoni na kupiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

Germana hakuitikia. Gari lilikuwa mbali naye, kwa hiyo alinyoosha kidole mpaka kwenye bega la mwanawe, akakipitisha polepole juu ya koti, kisha akakileta karibu na macho. Brigita, aliyekuwa amekuja kusaidia kupika, aliinamia rozari yake. Kwa mbali mbuzi alilia uani. Germana alikitazama kidole kwa muda mrefu kuliko kidole kinavyostahili kutazamwa, kisha akamgeukia mumewe. Bartolomeo alisimama mlangoni na udongo magotini. Hakuinamisha macho, kwa kuwa hakuwa na mazoea hayo, lakini mikono yake haikujua ikae wapi.

"Marahaba, mwanangu," Germana alisema hatimaye. "Njia yenu imekauka mapema mwaka huu."

"Mama, nili—"

"Nimesema imekauka. Nendeni mkachinje."

Wakachinja. Majirani walikuja, safari hii bila kuitwa na bila kucheka. Walikuwa wamesikia kwa Josephati. Walikaa sebuleni kuzunguka tawi, katika joto la Februari, wakaimba nyimbo za kuzaliwa kwa Bwana, huku nje hakuna tone. Germana alikunywa mchuzi vijiko vichache, akamshika Vedasto mkono, akamtaka aeleze habari za wageni wake. Vedasto akasimulia juu ya mama mmoja aliyelia alipomwona ndama wa nyumbu akisimama mara ya kwanza. Mgonjwa alicheka, kisha akaugulia, kisha akamwambia aendelee. Bartolomeo aliimba pia. Sauti yake ilikuwa mbaya na maneno hakuyajua yote, na hakuna aliyemtazama.

Watu walipoondoka na Vedasto akawa anawasindikiza wazee hadi njia panda, mke na mume walibaki wenyewe.

"Mwalimu."

"Naam."

"Umenikosesha Kwaresima yangu."

Bartolomeo alitafuta hoja. Zilikuwa nyingi, na zote zilisimama vizuri. "Ndiyo," alisema.

"Si kitu. Nilikuwa nafunga hata hivyo." Alipumzika kidogo. "Yale mashimo uyaachanishe."

"Nitayaachanisha."

"Masika ikija."

Bartolomeo alimshika mkono uliokuwa juu ya shuka. Ulikuwa mwepesi, na ncha ya kidole kimoja bado ilikuwa na weupe wa vumbi. Hakuufuta.

Germana alifariki siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, asubuhi, mwanawe akimpa maji. Alizikwa kando ya wazazi wake. Mahindi ya uongo yaliota, kwa kuwa mbegu nayo hudanganyika. Yalifika kimo cha kiganja, yakawa manjano, yakakauka. Bartolomeo aliyang'oa mwenyewe mapema asubuhi, kabla njia haijawa na watu. Vedasto alikuwa amerudi kazini, akipiga simu kila jioni, na wote wawili walizungumzia hali ya hewa.

Pasaka ilifika. Kengele ililia, vipaza sauti vikakoroma, na Bartolomeo alikaa barazani kwake kama ilivyokuwa desturi, isipokuwa hapakuwa na mtu wa kumsindikiza hadi getini wala wa kumngoja. Watu walipotoka Misa, Brigita alipita na kanga mpya.

"Brigita," alimwita. "Padri amehubiri nini?"

Brigita alisimama. Uso wake ulionyesha kwanza kwamba alidhani anadhihakiwa, kisha kwamba amejua hadhihakiwi.

"Ufufuko, Mwalimu."

Bartolomeo alingoja kama kuna nyongeza. Haikuwepo. Aliinamisha kichwa kumshukuru, na Brigita akaendelea na njia yake.

Wiki hiyo masika iliingia kwa kweli. Ilinyesha mchana, ikanyesha usiku, udongo ukalowa mpaka jembe likazama bila kusukumwa. Bartolomeo alipanda upya, akiachanisha mashimo, akirudi nyuma kulifukia lolote alilolihisi liko karibu mno. Alikuwa katikati ya shamba, amejifunika nailoni kichwani, aliposikia injini ikipanda kilima. Gari lilikuwa limejaa tope mpaka kwenye vioo. Vedasto alishuka, akasimama kwenye mvua. Alikuwa amebeba tawi la mti wa Krismasi, na sasa alionekana kulionea aibu.

"Shikamoo, baba."

Mzee alilaza jembe chini. Alilizunguka gari mpaka upande wa mlango, akanyoosha kidole, akakwangua tope kidogo, akalitazama mvua ikiliosha kidoleni.

"Marahaba," alisema. "Gari usilioshe kwanza."